Adui wa Kioo ni Mchanga Uliokizaa

Jirani yangu mmoja ni mama lishe. Simu yake ndiyo benki yake, ndiyo daftari lake, na ndiyo njia ya kupokelea malipo ya wateja. Kwa muda wa miaka miwili simu hiyo ilimwanguka mara nyingi sakafuni isidhurike, naye akawa anajigamba kwamba kioo chake ni cha chuma. Mwezi uliopita iliteleza kutoka kwenye benchi, kimo cha goti tu, na kioo kikapasuka pande zote mfano wa utando wa buibui. Fundi alimtajia bei iliyozidi faida yake ya wiki mbili. Lililomwumiza zaidi ni kwamba yeye ni mweka hazina wa upatu wa mtaani, na majina ya wanachama pamoja na zamu zao yalikuwa humo humo ndani ya simu.

"Jirani," aliniuliza, "imekuwaje kioo kilichostahimili kuanguka kutoka mezani kikashindwa na benchi?" Hilo ni swali la haki, na leo katika safu hii tutajaribu kulijibu.

Kwanza hapana budi tuelewe kioo huvunjika vipi. Mnamo mwaka 1921 mhandisi wa Uingereza, A. A. Griffith, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya nyuzi za kioo. Aliona kwamba uzi mwembamba na mpya huwa na nguvu kubwa kuliko kioo cha kawaida, ingawa vyote viwili ni kitu kile kile. Sababu aliyoitoa ni kwamba kioo cha kawaida kina nyufa ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Kioo kinapopindwa au kugongwa, nguvu zote hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Chuma kikipatwa na hali hiyo hujikunja kidogo na kuituliza nguvu. Kioo hakijui kujikunja, na ufa hukimbia mara moja hadi mwisho. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, wangeweza kabisa kuwa walimu wa wahandisi wa vioo.

Tangu hapo, juhudi kubwa ya mafundi wa vioo imekuwa ni kuihudumia ngozi ya kioo, yaani ule uso wake wa juu. Katika kampuni ya Corning ya Marekani ilibuniwa njia ya kutengeneza kioo pasipo kukigusa. Kioo kilichoyeyuka humiminwa katika mfereji mpaka kikafurika pande zote mbili, kama uji unavyofurika kutoka kwenye sufuria. Mikondo hiyo miwili hukutana chini ya mfereji na kuungana kuwa bamba moja jembamba, ambalo nyuso zake hazikuguswa na chombo chochote ila hewa.

Lakini ngozi laini haitoshi, kwa kuwa mikwaruzo itakuja tu. Kwa hiyo wataalamu walitafuta namna ya kuibana ngozi hiyo ili nyufa zisipate nafasi ya kufunguka. Bamba la kioo huzamishwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi zipatazo 400. Humo, chembe ndogo za sodiamu zilizomo katika ngozi ya kioo hutoka, na mahali pake huingia chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi. Chukua mfano wa daladala lililojaa asubuhi. Tuseme abiria wembamba wanashuka mmoja mmoja, na kila nafasi inakaliwa na abiria mnene. Gari halikuongezeka ukubwa, basi wote watabanana mabega kwa mabega, na hata mtoto hatapata mwanya wa kupenya. Hivyo ndivyo ngozi ya kioo inavyobanwa.

Corning walitengeneza kioo cha aina hiyo tangu mwaka 1962, lakini hakikupata soko kubwa, kikawekwa kando. Bahati yake ilifika mwaka 2007, kampuni ya Apple ilipoamua kwamba uso wa simu yake mpya uwe wa kioo badala ya plastiki inayokwaruzika upesi. Elimu iliyolala kwa miaka mingi ikaamshwa, na leo imo mifukoni mwa watu duniani kote.

Hata hivyo, msomaji, kila kinachobanwa nje husukuma ndani. Ngozi ya kioo ikibanwa, moyo wake huvutwa. Na ngozi yenyewe, katika vioo vya mwanzo, haikuzidi sana unene wa unywele mmoja. Mkwaruzo ukiishia ndani ya ngozi, kioo husalimika. Ukivuka na kufika moyoni, huko hakuna tena cha kuuziba, na pigo dogo tu litamaliza kazi. Hilo ndilo jibu la jirani yangu. Benchi halikuwa na kosa. Kioo kilikuwa kimekwisha kujeruhiwa zamani, kidogo kidogo.

Ni nani basi aliyekijeruhi? Wengi hulaumu funguo na sarafu, lakini metali nyingi za namna hiyo ni laini kuliko kioo. Mhalifu mkuu ni mchanga. Punje za mchanga kwa kawaida huwa na madini ya kwatzi, ambayo ni magumu kuliko kioo cha kawaida cha simu. Ajabu ni kwamba mchanga huo huo ndio unaoyeyushwa kutengenezea kioo. Mchanga hukaa mfukoni, kwenye pindo la kanga, ndani ya mkoba na juu ya meza ya biashara iliyo kando ya barabara. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Wataalamu nao hawajalala. Vioo vya miaka ya karibuni hutiwa chembe za lithiamu, ambazo hubadilishana na sodiamu hadi kina kirefu zaidi, ili ngozi iliyobanwa iwe nene. Aidha, tangu mwaka 2020 ziko simu ambazo kioo chake kimeoteshwa fuwele ndogo mno zinazouzuia ufa usikimbie, lakini ndogo kiasi cha kutozuia mwanga. Pamoja na hayo, kustahimili kuanguka ni jambo moja na kustahimili mkwaruzo ni jingine. Muuzaji akikuapia kwamba kioo chake hakivunjiki, msikilize kwa heshima, kisha shika njia yako.

Kwetu sisi wenye kipato cha mshahara au cha biashara ndogo, kinga ni rahisi kuliko tiba. Pangusa simu kwa kitambaa laini, lakini kung'uta vumbi kwanza, maana kusugua mchanga juu ya kioo ni kukikwaruza kwa mkono wako mwenyewe. Bandika kioo cha kinga ambacho vijana hukiita protekta, kwani afadhali kuumia hicho kuliko kile cha ndani. Tumia kava lenye kingo zilizoinuka, kwa kuwa pembe za kioo ndizo dhaifu zaidi. Kioo kilichopasuka usimwachie mtoto akichezee, kwa maana vipande vyake hukata vidole.

La mwisho, na pengine ndilo kubwa: mali ya watu wengi isitegemee ngozi nyembamba kama unywele. Jirani yangu alilazimika kupita nyumba kwa nyumba akiuliza ni zamu ya nani kupokea, na wawili walidai kuwa ni yao. Sasa majina yote yameandikwa kwa wino katika daftari la shule, nalo limewekwa kabatini pamoja na nguo za sikukuu.

Tukutane Jumapili ijayo.