Kona ya Afya: Umeshaanza Kukaa Chini?

Katika toleo lililopita niliahidi kujibu swali ambalo wanachama wengi wameniuliza tangu waliponiona na magongo: "Utarudi lini uwanjani?" Leo nalijibu. Jibu lenyewe limenichukua miezi 14 kulipata, na halikutoka kwa daktari.

Nianze na goti. Nimekulia Tanga nikiwa na matege, na wenzangu shuleni walikuwa wakinitania kwamba mpira unapita katikati ya miguu yangu bila kuomba njia. Tulicheka, lakini matege yana hesabu yake. Hata kwa mtu mwenye miguu iliyonyooka, zaidi ya nusu ya uzito hupita upande wa ndani wa goti anapotembea. Mguu ukipinda kama upinde, upande huo huelemewa zaidi. Gegedu, yaani ile tabaka inayoteleza kwenye ncha za mifupa, huliwa upande mmoja kama soli ya kiatu. Nilipofika miaka 31, daktari hapa Uingereza alinionyesha picha ya eksirei: upande wa nje wa goti langu mzima, upande wa ndani umesagika.

Mtu wa makamo au mzee ambaye goti lake limesagika kote huweza kushauriwa kuwekewa goti la bandia. Kwa mtu mwenye umri mdogo, aliyeharibika upande mmoja tu, ipo njia nyingine iitwayo ostiotomia, yaani kukata mfupa ili kuunyoosha. Kwangu mpasuaji alikata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, kuanzia upande wa ndani, bila kuumaliza. Akaupanua ufa ule kwa milimita kadhaa mithili ya seremala anayepachika kabari, kisha akaushika kwa bamba la chuma na skrubu. Uzito ukahamia upande wenye afya. Gegedu iliyokwisha hairudi, ila goti linapata nafuu, na wengi hukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kuhitaji goti la bandia.

Nilitembelea magongo kwa wiki sita. Mfupa nao ulitaka miezi kadhaa kuunga. Hapo ndipo swali la uwanjani lilipoanza kunisumbua.

Nilisoma nilichoweza. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa miaka ya 2016 na 2017 yanatia moyo: zaidi ya watu 8 katika kila 10 waliokuwa wakifanya michezo hurudi kwenye michezo baada ya upasuaji huu. Nilifurahi, nikafunga kompyuta. Kesho yake nikasoma tena polepole. Wengi hurudi, ndiyo, lakini mara nyingi kwenye michezo isiyo na kishindo: baiskeli, kuogelea, kutembea milimani. Wanaorudi kwenye mashindano ni wachache zaidi. Jambo jingine lililonigusa ni kwamba wale walioendelea na mazoezi katika mwaka wa mwisho kabla ya kupasuliwa ndio wenye nafasi kubwa ya kurudi. Mimi mwaka ule niliutumia kwenye kochi, nikisubiri tarehe.

Kisha likaja dodoso. Kliniki nyingi hutumia dodoso liitwalo KOOS, lililochapishwa mwaka 1998. Linauliza maumivu, kupanda ngazi, kuvaa soksi. Kisha kuna sehemu ya michezo na burudani, yenye maswali matano: kukimbia, kuruka, kujigeuza kwa mguu ulioumia, kuchuchumaa na kupiga magoti. Nikayasoma mara mbili. Kuchuchumaa ni mchezo? Basi mama yangu ni bingwa wa taifa.

Jioni nikampigia nimsimulie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Goti linasemaje?"

Nikamweleza kwamba naendesha baiskeli, na kwamba daktari anasema mambo yanakwenda vizuri.

"Alhamdulillahi. Umeshaanza kukaa chini?"

"Bado mama. Ila labda mpira mwakani..."

"Mpira ni mchezo, baba. Mimi nakuuliza kukaa. Ukija nyumbani utakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani kwetu nazi hukunwa mtu amekaa juu ya mbuzi, nguo hufuliwa kwenye beseni sakafuni, chakula huliwa mkekani, na choo ni cha kuchuchumaa. Msibani wanaume hukaa kwenye majamvi. Sala ina sijida. Haya kwetu ndiyo siku yenyewe. Mtu anaweza kurudi kwenye baiskeli, akahesabiwa na watafiti kuwa amerudi kwenye shughuli, na bado akashindwa kukaa na baba yake kula.

Siwalaumu waliotunga dodoso. Waliandika kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye viti, na maswali yao kwa hao yanafaa. Kosa lilikuwa langu: kwa miezi yote ile niliacha karatasi ndiyo inichagulie lengo. Mtaalamu wa fiziotherapia aliponiuliza nataka kurudi kufanya nini, nilijibu "mpira," kwa sababu ndilo jibu linalotarajiwa kwa mwanamume wa umri wangu. Hakuna aliyenikataza kusema "mkeka."

Na si hilo tu. Nilimwambia pia kwamba natembea saa nzima kila siku. Akaniomba tuangalie simu yangu, ambayo huhesabu hatua. Siku nyingi sikufikisha hata hatua 3,000. Sikukusudia kudanganya, nilikuwa nakumbuka siku nzuri na kusahau za mvua. Simu haina aibu wala huruma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mimi, mwenye goti lililonyooshwa kwa gharama kubwa, nilikuwa nakaa tu. Nilidhani mguu ukinyooka shughuli zitarudi zenyewe. Mfupa uliunga, lakini woga ulibaki palepale. Kila ngazi niliiona kama itanivunja upya.

Tangu siku ile tulibadilisha mpango. Baiskeli mara tatu kwa wiki. Kutembea kwenda chuoni badala ya basi. Na kila jioni, baada ya mtaalamu kuniruhusu, mazoezi ya kushuka: kwanza kwenye kiti kirefu, halafu kigoda, halafu mto juu ya zulia, nikishikilia meza. Kupiga magoti kulichelewa kuliko vyote, maana ngozi ilikuwa ikiuma pale lilipo bamba. Mtaalamu alinieleza kwamba maumivu hayo si dalili ya kuvunjika. Maneno hayo yalinisaidia kuliko dawa.

Wanaokumbuka futari ya chama mwaka jana watakumbuka nilivyoketi kwenye kiti, peke yangu, wengine wote wakiwa mkekani. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea sahani akasema, "Karibu, mzee." Nina miaka 33. Mwaka huu nilikaa chini. Goti lilinung'unika, na kuinuka nilihitaji mkono wa mwalimu wetu mmoja, lakini nilikula nikitazamana na watu usoni.

Kwa hiyo jibu ni hili: uwanjani sirudi. Mechi ya Jumapili nitakuja kwa baiskeli, nitashika filimbi, na atakayenitania kuhusu matege ajue sasa nimebaki na tege moja tu.

Na wewe unayengojea upasuaji wa goti, au una mzazi anayengojea, nakuomba mambo mawili. Usisubiri ukiwa umekaa. Muulize daktari ni mazoezi gani unaruhusiwa kufanya kuanzia sasa. Na ukiulizwa unataka kurudi kufanya nini, taja shughuli yako ya kweli, hata kama haimo kwenye karatasi.

Juzi nilimpigia mama tena. Nilimwambia nimekaa chini.

"Na kuinuka?"

Nikamwambia naendelea na mazoezi.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.