Mkato usioonekana kwenye simu waweza kula mtaji

MFANYABIASHARA wa jumla anayelipia mzigo wa mahindi kwa simu hahitaji kufundishwa kwamba sifuri moja ni fedha. Akiandika 1500000 badala ya 150000, ametuma milioni moja na nusu mahali pa laki moja na nusu. Kosa hilo linamgharimu Sh 1,350,000, na kuzirudisha ni lazima ategemee uaminifu wa aliyezipokea au subira ya kufuatilia.

Namba hizo mbili zikiandikwa 1,500,000 na 150,000, hata mtu aliyesimama juani sokoni, huku kuli akimhimiza, ataona tofauti yake bila kuhesabu sifuri. Hiyo ndiyo kazi ya mkato. Si pambo la maandishi, ni ulinzi wa mtaji. Kwa hiyo inashangaza kwamba bado kuna programu za simu zinazomwekea mteja mstari wa tarakimu saba au nane bila alama yoyote, kisha zikamtaka abonyeze "Thibitisha".

Jambo hili lina uzito zaidi katika nchi ambazo fedha yake huhesabiwa kwa maelfu. Noti kubwa ya Tanzania ni ya Sh 10,000, na ya Uganda ni ya Sh 50,000. Nchini Kenya noti kubwa ni ya Sh 1,000, hivyo biashara ya kawaida huko huhitaji tarakimu chache. Programu iliyojaribiwa kwa malipo ya mia tano au elfu mbili itaonekana safi kabisa. Udhaifu wake utajitokeza siku itakapofikishwa kwa muuza saruji wa Dar es Salaam.

Mabenki yalilitambua tatizo hili zamani. Hundi huandikwa kiasi kwa tarakimu na tena kwa maneno, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za malipo iliweka wazi kwamba viwili hivyo vikipingana, maneno ndiyo yanayofuatwa. Malipo kwa simu yalipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kasi iliongezeka sana, lakini desturi hiyo ya kuandika kiasi mara mbili haikuhamia kwenye kioo cha simu.

<b>Kisingizio cha gharama</b>

Haiwezekani kudai kwamba kazi yenyewe ni ngumu. Lugha ya Java ilipata chombo cha kupanga namba, NumberFormat, tangu toleo lake la mwaka 1997. Simu za Android hutumia chombo hicho hicho, simu za Apple zina NumberFormatter, na JavaScript ina Intl.NumberFormat. Mwandishi wa programu anahitaji mstari mmoja au miwili tu.

Matatizo huanza pale mwandishi anapoamua kujitengenezea njia yake ya mkato. Wapo wanaohesabu tarakimu tatu tatu kutoka kushoto, na milioni moja na nusu ikatokea kama 150,000,0. Wengine huhesabu kutoka kulia lakini husahau alama ya kutoa, na deni la laki moja na nusu likaandikwa -,150,000. Mteja akiona hesabu ya namna hiyo ana haki ya kujiuliza kama salio lake nalo liko salama.

Hatari kubwa zaidi iko katika kusoma namba, si kuiandika. Ndani ya kompyuta namba haina mkato. Mkato ni vazi la kutokea mbele ya watu, na ni lazima livuliwe kabla ya kupiga hesabu. Mteja akiandika 1,500,000 na programu ya JavaScript ikaisoma kwa amri ya parseFloat, jibu ni 1, kwa sababu amri hiyo husimama inapokuta mkato. Milioni moja na nusu imegeuka shilingi moja, na hakuna onyo lolote. Java, kwa amri yake ya parseDouble, angalau hugoma waziwazi.

Halafu kuna suala la mpaka. Mfanyabiashara wa Kigoma anauza ng'ambo ya ziwa, katika Kongo, ambako utaratibu uliotokana na Kifaransa hutumia mkato kutenga sehemu za desimali. Kwake 1.500 ni moja na nusu. Kwa simu iliyowekwa Kiswahili cha Kongo, 1.500 ni elfu moja na mia tano. Ndiyo maana vyombo vilivyotajwa huuliza nchi na lugha kwanza, na ndiyo maana si busara kuvikwepa.

<b>Kinachotakiwa</b>

Tiba yake inajulikana. Kiasi kihifadhiwe kama namba tupu. Mikato iwekwe wakati wa kuonyesha tu, kwa chombo kilichothibitishwa, na ijitokeze papo hapo mteja anapoandika. Kabla ya fedha kuondoka, kiasi kirudiwe kwa maneno: "milioni moja na laki tano". Hapa Kiswahili kina faida yake. Neno "laki" lilikuja na biashara kutoka India, ambako laki moja na nusu huandikwa 1,50,000. Waswahili walichukua neno wakaacha mpangilio huo, na kila muuza duka hulielewa haraka kuliko sifuri tano.

Mabenki, kampuni za simu na vyama vya ushirika vinavyoagiza programu hizi ndivyo vyenye nguvu ya kulazimisha. Masharti haya yaandikwe ndani ya mkataba, na programu ijaribiwe kwa mamilioni, kwa madeni na kwa simu za nchi jirani kabla malipo ya mwisho hayajatolewa. Anayeona kuwa mkato ni jambo dogo akumbuke kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Tofauti ni kwamba hapa anayedharau ni mwandishi wa programu, na mguu unaovimba ni wa mfanyabiashara.