Neno Lipo, Msijifanye Hamlijui

Mwezi uliopita nilishinda ukumbini kusikiliza kongamano la Kiswahili. Kabla ya chakula cha mchana alisimama mzee mmoja msomi, mtu ambaye vitabu vyake nilivisoma nikiwa mwanafunzi, akatangaza kwamba hawa wanaojiita waliobadili jinsia, na hawa wanaosema wanapenda wake na waume, hawana nasaba kwetu. Ushahidi wake ulikuwa mmoja. Kiswahili hakina neno lao, na kitu ambacho lugha ya watu haikukipa jina si cha watu hao. Ukumbi mzima ukampigia makofi.

Makofi yale ndiyo yaliyoniuma. Waliokaa mle hawakuwa wapita njia. Walikuwa walimu wa Kiswahili, wafasiri, wahariri, watunzi wa vitabu vya kiada, watu wanaolipwa kwa kuyajua maneno. Wote walikuwa na kamusi majumbani, na wote walipigia makofi uongo kuhusu lugha inayowalisha.

Haya, tuifungue kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, kabla ya intaneti kufika kwetu, kabla ya mfadhili yeyote kusikia habari za haki za wachache kwa namna tunayolaumiwa leo. Mna shoga, mna basha, mna hanithi, mna msagaji. Rudi nyuma hadi kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, hanithi yumo. Rudi nyuma tena. Mwaka 1899 jarida moja la Kijerumani lilichapa makala kuhusu watu wa Unguja ambao jinsia yao na mapenzi yao hayakufuata njia ya wengi, na ndani yake mwandishi akaandika neno lililosikika kwa wenyeji: mke-si-mume. Lisome polepole. Hilo si neno la mkopo, wala halikutungwa na kamati. Ni Kiswahili kitupu, kimejengwa kwa mke, si na mume, na lilikuwa midomoni mwa watu wa Unguja wakati ambapo babu wa huyo msomi wetu huenda hajazaliwa.

Kuhusu wale wanaopenda wake na waume, ndipo mzee alipojikwaa vibaya zaidi. Basha ni nani? Muulize mtu mzima yeyote wa Mombasa, atakuangalia, atashusha sauti, lakini atakujibu. Basha ni mwanamume mwenye shoga wake. Na ni nani katika mji ule aliyewahi kudhani kwamba basha hana mke? Wake zao tuliwajua, watoto wao tulisoma nao. Gill Shepherd, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1987 kuhusu Mombasa na kueleza jambo ambalo wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa: kwamba watu walewale, wanaume kwa wanawake, huwa katika ndoa kipindi fulani cha maisha na katika mapenzi ya jinsia moja kipindi kingine, na wengine hurudi walikotoka. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Unni Wikan kutoka Norwei alikuwa ameandika kuhusu makhanith wa Sohar, pwani ya Oman, akiwaita jinsia ya tatu. Shepherd akampinga, akisema kutoka alikoishi yeye, Mombasa, mambo hayako hivyo. Cheo na mali vina uzito zaidi kuliko Wikan alivyodhani. Wasomi wawili wamebishana majaridani kuhusu mji wangu na pwani ya ndugu zangu, wakitumia neno letu na la Waomani, ambalo ni neno lilelile, na sisi wenyewe tunakaa ukumbini kuambiwa neno halipo.

Nilipomwambia hayo mhariri mmoja tukiwa kwenye foleni ya pilau, alinijibu kwamba maneno hayo ni ya Kiarabu, kwa hiyo si yetu. Na asili ni neno la wapi? Utamaduni je? Maadili? Kila wanaposimama kutulindia asili, utamaduni na maadili, wanatulindia kwa maneno matatu ya Kiarabu, na hakuna anayewaambia warudi Muscat. Msagaji naye ametoka kwenye kusaga, kitenzi cha jiwe na mtama. Huyo watampeleka wapi?

Mwingine akaingilia, mwalimu wa sekondari mwenye beji ya kongamano shingoni, akasema maneno hayo ni matusi, na tusi ni dalili kwamba jamii ilikataa. Ni kweli, mengi yamekuwa matusi, na mimi simwiti mtu hanithi. Lakini mtu hamtukani asiyekuwapo. Ili neno liwe tusi linalouma, lazima kila mtoto wa mtaa ajue linamhusu nani, anakaa nyumba gani, anatembea vipi. Tusi ni hati ya kuzaliwa iliyoandikwa kwa chuki, lakini hati ni hati.

Huyo mwalimu alipenda pia kutaja dini. Nitamjibu kwa kile nilichofundishwa chuoni, nikiwa msichana wa miaka kumi na minne. Mwalimu wetu wa faraidhi alikuwa mkali, hakuruhusu swali la mchezo. Siku ya somo la mirathi ya khuntha, mtu aliyezaliwa na maumbile ya kiume na ya kike, alichora ubaoni mstari wa mtoto wa kiume, mstari wa mtoto wa kike, kisha akachora wa tatu katikati kwa chaki ileile, akatufundisha kugawa. Kwa Shafii, ambaye ndiye tunayemfuata pwani nzima, kila mrithi hupewa kile ambacho ni cha yakini, na kilichobaki husimamishwa mpaka hali ibainike au warithi wapatane. Tulikokotoa mafungu kwa penseli. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema hilo limeletwa na Wazungu. Sheria iliyopangwa mpaka kwenye sehemu ya sita na ya nane haikupangwa kwa ajili ya mtu wa kufikirika. Naye Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 13, alitofautisha mukhannath, mwanamume aliyeumbwa na hulka ya kike, na yule anayejifanya, akasema wa kwanza hana lawama. Hanithi, khuntha, mukhannath: mzizi ni mmoja. Wanazuoni walikaa na neno hili karne nyingi, wakalipima, wakalitenganisha maana. Sisi tumelitupa jalalani kisha tunadai hatujawahi kulimiliki.

Khuntha si yule aliyebadili jinsia, na aliyebadili jinsia si yule anayependa wake na waume. Nawasihi waandishi wa habari wenzangu walishike hilo. Kila wiki nasoma kichwa cha habari kinachowatia wote kapu moja na kuwaita mashoga, kama vile mhariri amekatazwa kutumia maneno mawili. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu khuntha peke yao na kupata watu 1,524, na Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Waliozunguka nyumba kwa nyumba na vishikwambi walilazimika kupata namna ya kuuliza swali hilo mlangoni kwa mtu, na waliipata. Gazeti lenye ofisi na kiyoyozi linashindwa. Wahariri hao hao ndio wanaoandika "mahakama imeruhusu ushoga" kila jaji anapotoa uamuzi wowote. Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, alikwenda mahakamani kuomba cheti chake cha mtihani kibadilishwe jina na kiondolewe alama ya jinsia, na mwaka 2014 akashinda. Ilikuwa kesi ya cheti. Haikuruhusu wala kukataza mapenzi ya mtu yeyote.

Na kama tunatafuta kitu cha kigeni, kipo. Kifungu cha 162 cha sheria yetu ya jinai, kinachoharamisha mapenzi ya "kinyume cha maumbile", kiliandikwa na serikali ya kikoloni mwaka 1930, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikiacha palepale. Hicho ndicho kilichoshuka kutoka melini.

Lakini narudi kwenye neno, na neno limenirudisha kwenye arusi.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi shangazi yangu mdogo alipoolewa, Mji wa Kale. Nyumba ilijaa wanawake tangu alasiri. Udi ulikuwa umefukizwa mpaka macho yanawasha, asumini zimetungwa, bibi arusi yuko ndani na hina yake haijakauka. Vugo, ngoma ya arusi ya wanawake, lilikuwa limekawia kwa sababu mpiga pembe hajafika. Alipofika, mlango ulifunguliwa bila kuuliza, mama yangu akamwita, "Shoga, njoo, umetuweka!" Aliingia amefunga leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, wanja umepakwa vizuri kuliko wa yeyote mle ndani. Alikuwa mwanamume. Wote tulijua. Wanawake wa nyumba ile, ambao muuza maziwa wa kiume haruhusiwi kuvuka kizingiti chao, walisogea kumpa nafasi kwenye mkeka. Akaichukua pembe ya nyati, akaigeuza, akapitisha kidole ndani ya kinywa chake kuona kama imepata ufa, akaipangusa kwa pindo la leso. Halafu akaigonga kwa kijiti mara tatu, taratibu. Bibi yangu, aliyekuwa hajainuka tangu magharibi kwa sababu ya magoti, aliinuka.

Usiku ule yeye ndiye aliyeongoza. Alijua nyimbo ambazo makungwi wenyewe walikuwa wamesahau beti zake za mwisho. Alimsahihisha mama mmoja aliyekosea kibwagizo, na yule mama alitii. Nimekwenda maonyesho mengi ya sanaa tangu siku hiyo, mengine yenye viingilio vya bei ya kutisha, na sijaona ustadi uliokwenda juu ya ule. Na wasomi wameyaandika haya. Deborah Amory ameandika kuhusu mashoga wa pwani na nafasi yao katika ngoma za arusi. Watu wanasoma habari hizo vyuo vya mbali kama elimu, na sisi tuliozaliwa ndani yake tunazikana.

Leo arusi ina spika mbili kubwa kama kabati na kijana wa muziki ambaye hajui tofauti ya vugo na chakacha. Shangazi wengine wa ukoo wetu, waliocheza kwa pembe ile mpaka alfajiri, sasa hutuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia wakisema watoto wa siku hizi wameharibiwa na sinema za Ulaya. Nawapenda, lakini hapo wanadanganya, na wanamdanganyia mtu aliyewapamba siku za arusi zao.

Ndiyo maana kazi ya marehemu Kawira Mwirichia ilinitoa machozi. Msanii huyu Mkenya alibuni leso, leso hasa, zenye pindo, mji na jina, kusherehekea mapenzi ya watu hawa katika nchi mbalimbali za dunia, akazionyesha Nairobi mwaka 2017. Wazo lake alilitoa kwenye desturi ya kutandika leso chini bibi arusi apite juu yake. Fikiria alichofanya. Hakukimbilia bendera ya kukopa. Alichukua kitambaa ambacho mama zetu wametumia kusemea yasiyosemeka tangu zamani, akakitandika ili watu wasiowahi kutandikiwa chochote wapite. Ukiniambia hiyo si sanaa ya Kiswahili, sijui utaniambia nini kingine ni sanaa ya Kiswahili.

Tulizipokeaje kazi za namna hii? Mwaka 2014 filamu ya Stories of Our Lives ilipigwa marufuku Kenya, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo Berlin. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, na nyumbani ikapigwa marufuku. Mahakama ikafungua siku saba tu ionyeshwe, na watu wakapanga foleni Nairobi. Jina lenyewe la filamu ni neno ambalo kila mtoto wa darasa la kwanza analijua. Tunawafukuza wasanii wetu, wanakwenda kusikilizwa ugenini, kisha tunasema, mnaona, ni mambo ya ugenini.

Wakati wa maswali niliinua mkono. Nilipewa dakika moja. Nilitaja mke-si-mume, nikamtaja basha, na kabla sijafika kwa khuntha, mwenyekiti akasema muda umekwisha, watu wana njaa. Mzee msomi alikuwa akikunja karatasi zake. Hakunijibu, wala hakuna aliyemtaka anijibu.

Jioni nilipita kwa shangazi yangu, yule yule wa arusi ile. Amezeeka, haoni vizuri jicho la kushoto. Pembe iko kwake, imetundikwa ukutani karibu na saa, kwa sababu yule mpiga pembe alipougua alimletea mwenyewe, akamwambia ataivunja mtu asiyejua kuishika. Nilimweleza yaliyosemwa ukumbini, kwamba hatuna neno la watu kama huyo mpiga pembe. Alinyamaza kidogo, akaniomba nimshushie pembe. Akaipapasa kinywa, akatafuta ufa kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya mwenyewe.

"Hawana neno wao," akasema. "Mimi nilimwita shoga yangu miaka thelathini, naye akiitika."