Mjusi wa bluu wa Kimboza: nani anamnunua, na nani anabaki na kesi?

Msikilizaji, akija mgeni kijijini, akakuonyesha picha ya mjusi kwenye simu yake na kuuliza kama anapatikana msituni kwenu, unaweza kudhani ni mzaha. Nani atoe fedha kununua mjusi? Lakini soko hilo lipo, wanunuzi wake wako nchi nyingi, na limewahi kuondoa maelfu ya mijusi katika msitu mmoja mdogo wa Morogoro. Makala hii inaeleza soko hilo linavyofanya kazi, na kwa nini mtu wa kijijini ndiye anayepata kidogo na kuhatarisha zaidi.

Ni mjusi gani huyu?

Ni mdogo, anatosha juu ya kidole chako. Ni ndugu wa mjusi kafiri tunayemwona ukutani, ila yeye hutembea mchana. Dume lililokomaa lina rangi ya bluu inayong'aa, na tumbo la rangi ya chungwa. Jike ana rangi ya kijani au ya shaba. Wataalamu humwita Lygodactylus williamsi.

Dunia nzima, anaishi porini Tanzania peke yake. Makazi yake ni misitu ya Kimboza na Ruvu, chini ya milima ya Uluguru, pamoja na vipande vichache vya msitu vilivyo karibu. Tena hakai kwenye kila mti. Anategemea miti jamii ya mkadi, ile yenye majani marefu ya miiba kama ya mnanasi. Hapo ndipo anapojificha, anapopata maji yaliyotuama kwenye majani, na anapotaga mayai yake mawili mawili.

Wanunuzi ni akina nani?

Ulaya, Marekani na Asia kuna watu wanaofuga mijusi nyumbani kama sisi tunavyofuga paka. Wapo wanaofuga mijusi mikubwa ya Amerika Kusini iitwayo tegu, ambayo hufikia urefu wa zaidi ya mita moja. Wapo wanaopenda midogo inayokaa kwenye kisanduku cha kioo. Huko Hamm, Ujerumani, hufanyika soko kubwa la wanyama wa namna hii mara kadhaa kwa mwaka.

Katika soko hilo, rangi ndiyo bei. Tegu wa kawaida, mweusi na mweupe, ana bei yake. Tegu mweupe mwenye ualbino, au mwenye rangi inayoelekea bluu, bei yake ni kubwa zaidi kwa sababu ni adimu. Wafugaji wa tegu hupata rangi hizo kwa kuchagua wazazi, kama mfugaji wa kuku anavyochagua jogoo. Hakuna haja ya kwenda porini kila mara.

Mjusi wa Kimboza ni habari nyingine. Bluu yake ni ya asili. Alipoanza kujulikana kwa wafugaji wa nje, njia ya haraka ya kumpata ilikuwa kumtoa msituni.

Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwisho wa mwaka 2004 na katikati ya mwaka 2009, kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000. Hiyo ni karibu asilimia 15 ya mijusi yote ya aina hiyo iliyokuwepo wakati huo. Mara nyingi mkadi ulikatwa ili kuwafikia mijusi waliojificha juu. Kwa hiyo hata waliobaki walikosa nyumba. Ongeza moto, ukataji wa miti, na mti wa kigeni uitwao sedrela unaosambaa Kimboza, utaona kwa nini mwaka 2012 mjusi huyu aliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Sheria inasemaje?

Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES zilikutana Johannesburg, Afrika Kusini. Kwa ombi la Tanzania, zilikubali kumweka mjusi huyu katika Kiambatisho cha Kwanza, pamoja na wanyama wanaolindwa kwa ukali zaidi. Uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2017. Maana yake ni kwamba aliyekamatwa porini haruhusiwi kuuzwa nje ya nchi kibiashara.

Mwaka huohuo wa 2016, serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 ulitolewa tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kwa miezi sita kumaliza wanyama waliokuwa wamebaki nao. Lakini Waziri Pindi Chana alilisitisha muda mfupi baadaye.

Kwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni nyara ya serikali, awe hai au amekufa. Kesi za nyara huendeshwa kama uhujumu uchumi, na huo si mchezo. Hakuna mahali sheria inaposema mjusi ni mdogo mno kuhesabiwa.

Nani anafaidika?

Fuata mkono kwa mkono. Kijana anayepanda mti hulipwa kwa kila mjusi fedha ya kununulia mahitaji ya siku. Dalali anakusanya. Msafirishaji anaficha au anaandika jina la mjusi mwingine kwenye karatasi. Muuzaji wa Ulaya ndiye anayepata bei kamili. Na mijusi wengine hufia njiani.

Kuna jambo jingine. Mjusi huyu huzaliana vizuri kwenye visanduku vya wafugaji huko nje. Leo mnunuzi anayetaka wa halali anaweza kupata aliyezaliwa huko, mwenye hati zake. Anayekuja kwako kutafuta wa porini anakwepa gharama na hati, na hatari ya kukamatwa anakuachia wewe.

Ufanye nini?

Mtu akikutaka umkamatie mjusi, kinyonga, chura au kobe, muulize kibali kimetolewa na ofisi gani. Mwambie mwende pamoja kwa mtendaji wa kijiji. Mwenye nia mbaya hatafika. Usimpokelee fedha ya utangulizi, wala usimhifadhie mzigo nyumbani, kwa sababu atakayekutwa nao ndiye atakayeulizwa. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji, kwa askari wa wanyamapori wa wilaya, au kwa ofisi ya misitu, TFS.

Mkadi ukikatwa leo, unachukua miaka mingi kurudi. Kijana aliyepanda mti huo kwa elfu chache naye anaweza kuchukua miaka kurudi nyumbani.