Uvimbe Unaorudi

Katika Samweli wa Pili twasoma habari za Mefiboshethi, aliyeanguka akiwa wa miaka 5, yaya wake alipokuwa akimkimbiza. Yeye alilemaa miguu, watu wote wakaona. Madhara ya kichwani hayaonekani upesi hivyo.

Mtoto huanguka kitandani, au mgongoni mwa dada yake. Hulia, kichwa huvimba, baada ya siku chache uvimbe hupungua, nasi twamshukuru Mungu. Kwa watoto walio wengi habari huishia hapo. Walakini mara chache fuvu hupata ufa, na chini yake utando mgumu ufunikao ubongo hupasuka. Basi kila moyo upigapo, ubongo nao hupwita, na maji yauzungukayo husukumwa ufani. Mfupa hauungi, kingo zake huliwa polepole, ufa hupanuka, na maji hufanya kifuko chini ya ngozi. Mwingereza John Howship aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1816. Huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 3, kwa kuwa ndipo ubongo ukuapo kwa haraka na kulisukuma fuvu.

Uvimbe ukirudi baada ya majuma au miezi, nao ni laini, wapwita chini ya kidole, msidhani ni jipu. Usitumbuliwe, usichanjwe, wala usikandwe kwa maji ya moto. (Twawaheshimu bibi zetu, lakini humo hamna usaha.) Kadhalika mtoto akianza kushikwa na kifafa, au mkono mmoja ukilegea, si pepo. Apelekwe hospitali apigwe picha ya kichwa. Tiba yake ni kupasuliwa, utando uzibwe na mfupa ufunikwe. Na ufa ukizidi kupanuka, kazi ya daktari huzidi kuwa ngumu.

Walimu nao wajue ya kuwa wako watoto waliozaliwa na kifuko cha maji kichwani pasipo kusumbuliwa nacho. Pigo la mchezoni laweza kukipasua au kukitoa damu, na maumivu ya kichwa, kutapika na kusinzia huja baada ya siku nyingi, anguko limekwisha kusahauliwa.

Tena liko jambo lituhuzunishalo. Msichana aliyemwangusha mtoto mara nyingi hunyamaza, kwa kuogopa fimbo, na daktari huulizapo, mama hana la kujibu. Akina baba, msimchapwe binti asemaye kweli. Mwulizeni kwa upole mtoto alianguka lini, kutoka wapi, na upande gani wa kichwa, mkaandike siku hiyo katika kadi yake ya kliniki.