Mifupa ya Pengwini wa Kale na Dhima ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji wa jarida hili akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na mifupa ya ndege wa baharini waliotoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Jibu langu ni kwamba mifupa hiyo ina funzo kwetu sisi tunaodai kila uchao kwamba Kiswahili kinaweza kubeba taaluma yoyote.

Mwaka 1859, mwanasayansi Mwingereza Thomas Henry Huxley alichunguza mfupa mmoja wa mguu uliotoka Nyuzilandi. Kwa mfupa huo pekee alitambua kuwa mwenyewe alikuwa pengwini wa kale, akampa jina Palaeeudyptes antarcticus, jina lenye asili ya Kiyunani ambalo maana yake ni mzamiaji hodari wa kale wa kusini. Wala hakuna uganga hapo. Mifupa ya ndege wengi warukao ina uwazi wenye hewa ndani. Ya pengwini ni mizito na imejaa, jambo linalomsaidia kuzama. Mifupa ya bawa lake imebapa mfano wa kasia, na ule wa chini ya mguu ni mfupi na mpana. Mtaalamu huulinganisha mfupa wa kale na wa leo, akakadiria umbo na uzito wa ndege mzima, kama vile mhakiki wa miswada alinganishavyo nakala za utenzi mmoja ili aukaribie utungo asilia.

Hebu tutazame majina yaliyofuata katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 2006, pengwini walioishi takriban miaka milioni 60 iliyopita, miongoni mwa wa kale zaidi wanaojulikana, waliitwa Waimanu, yaani ndege wa majini kwa Kimaori. Mwaka 2012 likaja jina Kairuku, mzamiaji arudiaye na chakula. Mwaka 2017 likaja Kumimanu, na mwaka 2023 spishi yake nyingine, Kumimanu fordycei, ilikadiriwa kuwa na uzito wa kilo 150 hivi, ilhali pengwini mkubwa kuliko wote walio hai leo huwa na kilo 40 hivi. Mswahili asidhani kwamba “kumi” hapo ni idadi. Hilo ni zimwi la masimulizi ya Wamaori. Fasihi simulizi imeingia katika orodha za sayansi, na sayansi haikupungukiwa na kitu. Kimaori kina wasemaji wachache mno kikilinganishwa na Kiswahili.

Je, sisi? Mwaka 2019 ulimwengu ulitangaziwa Simbakubwa kutokaafrika, mnyama mla nyama aliyeishi miaka milioni 22 hivi iliyopita. Mifupa yake ilichimbuliwa magharibi mwa Kenya, ikahifadhiwa kwa miongo kadhaa katika makumbusho jijini Nairobi. Ni heshima kwa lugha yetu. Hata hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataona mara moja kwamba upatanisho wa kisarufi wadai “simba mkubwa”; tena mnyama mwenyewe hakuwa simba. Siwakejeli walioliunda jina hilo, kwani wao walithubutu. Ninachouliza ni hiki: sisi wenye lugha tulikuwa wapi? Na maelezo ya kitaalamu ya mnyama huyo yaliandikwa kwa Kiingereza. Tulichopata ni jina tu, kama mgeni anayekaribishwa mlangoni asipewe kiti.

Wapo watakaosema kwamba tuna uhaba wa maandishi ya tiba na sheria kwa Kiswahili, hivyo pengwini wasubiri. Naiheshimu hoja hiyo, lakini siikubali. Lugha haijengwi kwa kupanga foleni. Anayetafuta neno la kuueleza mfupa uliobapa wa pengwini atakuwa amempa daktari neno la kuueleza mfupa wa mgonjwa. Isitoshe, hata jina la ndege mwenyewe halijatulia: wengine huandika pengwini, wengine ngwini. Neno “kisukuku” tunalo, ila wengi wetu hulikuta katika habari za mafuta tu.

Kwa maoni yangu, idara zetu ziwaruhusu wanafunzi wa uzamili kutafsiri na kuhakiki maandishi ya sayansi kama sehemu ya tasnifu zao. Chama chetu nacho kiwaalike watafiti wa visukuku wa humu nchini, na kila toleo la jarida hili litenge ukurasa mmoja uandikwao kwa pamoja na mwanasayansi na mwanafunzi wa Kiswahili. Mwanasayansi ataeleza mfupa unasema nini, nasi tutatafuta namna ya kuusemea. Visukuku vya nchi hii bado vinachimbuliwa. Kitakapopatikana kingine, wanaokipa jina la Kiswahili wawe na mtu wa kumwuliza kuhusu upatanisho wa kisarufi, na maelezo yake yasomeke pia kwa lugha ya jina hilo.