Mfanyabiashara wa Nyasura hahitaji dalali wa sheria

WAFANYABIASHARA wa Nyasura, mjini Bunda, wanaijua vizuri kazi ya dalali. Kwenye mahindi au ng'ombe, dalali humkutanisha muuzaji na mnunuzi, naye hulipwa kwa jasho lake. Kwenye sheria, dalali ni gharama tupu.

Nchini Uingereza, kwa muda mrefu mwananchi hakuweza kumwendea mwenyewe wakili wa kusimama mahakamani. Alilazimika kwanza kumlipa wakili wa ofisini, ambaye ndiye aliyemtafuta huyo wa pili. Mlango ulifunguliwa kwa wananchi wa kawaida mwaka 2004.

Tanzania haina mgawanyo huo. Wakili aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, hutoa ushauri, huandaa mkataba na husimama mahakamani. Mteja anaingia ofisini kwake moja kwa moja.

Pamoja na hayo, wapo wanaojiweka katikati. Hao ndio vishoka. Huandika mikataba na hati za madai, hupokea "pesa ya wakili", kisha hutoweka. Sheria hiyo hiyo inamkataza mtu asiye na sifa kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Hasara humwangukia mfanyabiashara: mkataba unakuwa mbovu, na siku zinakwenda. Madai ya mkataba kwa kawaida yana ukomo wa miaka 6.

Watetezi wa vishoka husema mawakili ni ghali. Hoja hiyo ina ukweli, lakini dawa yake si kishoka. Chukulia mfanyabiashara wa nafaka anayedai sh. milioni 4 za magunia aliyokopesha. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya mikataba yasiyozidi sh. milioni 30, tena kwa Kiswahili, na mdai anaweza kusimama mwenyewe. Tangu mwaka 2021 mawakili nao wanaruhusiwa katika mahakama hizo, pale zinapoongozwa na hakimu mkazi. Asiye na uwezo anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure.

Kwa mwenye shauri kubwa, mambo ni matatu. Kwanza, ahakikishe jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Pili, wakubaliane ada kwa maandishi. Viwango vipo katika kanuni za malipo ya mawakili za mwaka 2015. Tatu, adai stakabadhi kwa kila malipo.

Mfanyabiashara hanunui gunia bila kulipima. Asimlipe mtu wa sheria bila kujua kama ni wakili.